Pigo Huangukia Mwishoni

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu waliobahatika kupata wageni wa maana. Siku Sebit alipobisha hodi kwa Huguette, pale Nsambya nyuma ya nyumba za reli, hakupona mtu. Kikombe kilianguka nyuma ya pazia, chai ikapenya chini yake ikatiririka mpaka kwenye kiatu cha mgeni.

"Nini hiyo?" mgeni aliuliza.

"Panya," Huguette alijibu.

Alijibu kwa mazoea tu. Chumba kilikuwa kimoja, mchana darasa la Kifaransa, usiku nyumba, na wazazi wa wanafunzi hawakupenda kusikia kwamba nyuma ya lile pazia la kitenge kuna mwanamume mzima anayeshinda amelala. Mwanamume huyo alikuwa Pitshou, mdogo wake, aliyekimbia naye kutoka Bukavu wakiwa na begi moja na sufuria moja.

Mgeni alikuwa Mnubi wa Kyebando, mrefu, amevaa sare ya mlinzi iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Aliukung'uta mguu wenye chai akatabasamu kiungwana.

"Madamu, mimi nataka soma Kifaransa. Kampuni yetu napeleka watu Ndjamena, kulinda. Lakini kwanza kuna mtihani ya mdomo. Mtu ya huko nakupigia simu, naskia kama unasema vizuri. Ukisema kama ng'ombe, unabaki Kampala."

"Unalinda wapi sasa?"

"Pale taoni, karibu na soko ya Owino. Jengo ya maduka." Alicheka kidogo. "Wachuuzi yote nanijua."

Huguette alimwambia aje Jumanne. Alipoondoka, akalifunua pazia, tayari kumfokea Pitshou kwa kikombe. Alimkuta amekaa kitako kwenye godoro, kiganja kimeziba sikio la kushoto, lile zima.

"Njo yeye," Pitshou alisema, yaani ndiye, kwa Kiswahili chao cha Bukavu.

"Yeye nani?"

"Ile sauti, yaya," alimjibu dada yake. "Njo yeye."

Hapo hapakuhitaji maelezo zaidi. Pitshou alikuwa mchuuzi wa mikanda. Aliivaa mkononi kuanzia bega hadi kiganja, akatembea nayo mjini huku akiimba bei, na alikuwa na sauti ya kuwafanya hata wasio na suruali wasimame kutazama. Siku moja mvua ilimkuta mbele ya lile jengo la maduka. Akapanda ngazi, akasimama barazani pamoja na watu wengine waliokuwa wakikimbia mvua. Mlinzi akamwona na mikanda yake. Hakumwambia ondoka. Alimpiga kofi moja la sikio la kulia, kofi la mkono uliokunjuliwa, ndipo akamwambia ondoka. Hospitalini walichungulia sikio lile, wakachungulia tena, wakasema halitasikia. Tangu siku hiyo Pitshou hakuvuka geti la ua wao. Mikanda ilining'inia kwenye msumari ukutani ikikusanya vumbi, naye akawa mtu wa kuchambua maharage na kulala.

Wapo wanaosema hasira hasara. Wanaosema hivyo hawajawahi kumpikia uji mwanamume mwenye afya ambaye hathubutu kwenda kununua chumvi. Huguette alikuwa na hasira, na ile hasira yake aliipenda, aliitunza kama wengine wanavyotunza nguo ya Krismasi. Kilichokuwa kimekosekana ni uso wa kuielekezea, na sasa uso umekuja wenyewe, umebisha hodi.

"Mufukuze," Pitshou alisema.

"Apana. Atakuya, na atasema chenye alifanya. Atasema hapa, mbele yako, mpaka uchoke kusikia. Kisha utaamuka, utabeba mikanda yako, utatoka."

"Mimi sikuomba vile."

"Juu hauombake kitu," dada yake alimjibu, akashusha pazia.

Basi Jumanne ikafika. Huguette alifundisha kwa mwiko, ule ule wa kusongea bugali, kama masista walivyomfundisha yeye kwa rula kule Bukavu. Neno hukatwa vipande, kila kipande ni silabi, kila silabi ni pigo moja mezani. Mapigo ya mwanzo ni mepesi. La mwisho ni zito, kwa maana Kifaransa, tofauti na Kiswahili chetu kinachokaza silabi ya pili kutoka mwisho na kisha kushuka taratibu, chenyewe kinabeba uzito wote hadi ukingoni ndipo kinautua. Wanafunzi wengine aliwaanzisha kwa kitenzi cha kuimba au cha kusema. Huyu alimchagulia chake.

"Frapper," alisema. "Frap-per." Tu, TWA, mwiko ukalia.

"Maana yake nini, madamu?"

"Maana utaijua baadaye, afande. Kwanza ulimi. Sema: j'ai frappé."

Alikuwa anamwita afande kwa dharau, lakini walinzi wa Kampala wamezoea kuitwa hivyo, kwa hiyo dharau yenyewe haikumfikia. Sebit alikohoa, akakaza shingo, akasema, "Je FALA-pe."

"Hapana! FALA umeitoa wapi? Frap. Midomo ifunge. Halafu pé, na uzito uweke kwenye pé. J'ai frap-PÉ."

"Je farap..."

TWA! Mwiko ulitua karibu sana na vidole vyake. "Frap-PÉ!"

Nyuma ya pazia godoro lililia. Huguette alisikia akafurahi. Alidhani ni furaha ya Pitshou inayogeuka ubavu.

Wiki zikapita, na kila Jumanne na kila Ijumaa ikawa kitenzi kile kile. Nimepiga. Umepiga. Amepiga. Tumepiga, nous a-vons frap-pé, pigo la mwisho ndilo zito. Wakifika kwenye wakati wa sasa, Sebit alihangaika na herufi zinazoandikwa bila kutamkwa. Aliona ils frappent akasoma "frapenti", kwa sababu Mswahili akiona herufi anaipa haki yake. Huguette akamcheka kicheko kibaya. "Hiyo ent ni ya macho, si ya mdomo. Inakufa. Kilichobaki ni frap peke yake, na pigo linaangukia hapo. Hata hilo huoni? Kichwani umeweka nini, afande, kofia tu?"

Mtu mwingine angeondoka. Sebit alivumilia matusi yale kama mtu anayevumilia sindano, kwa sababu alitaka Ndjamena kuliko alivyotaka heshima. Alikuwa na mtu wake wa kumfikiria, mama yake Maimunah, mwenye miguu iliyovimba, na nyumba ya Kyebando iliyokuwa inavuja, na aliyasema hayo bila kuulizwa. Huguette hakutaka kuyajua. Kila alipoanza kuyasema, mwalimu aliinua mwiko.

Hatimaye Sebit alipata njia yake mwenyewe. Babu yake alikuwa askari, na baba yake, na yeye mwenyewe alifunzwa gwaride na kampuni. Siku moja alisimama katikati ya chumba akasema, "Madamu, nimeelewa. Hii ni kama komandi. Sajenti anavuta neno, navuta, navuta, bado hakuna mtu nasogea. Mwisho ndio mguu nashuka." Akasimama wima. "Nous... a... vons... frap..." na buti likapiga sakafu, "PÉ!"

Vikombe vilitikisika. Ilikuwa sahihi kabisa. Mkazo ulikaa mahali pake bila kutetereka, na tangu siku hiyo haukuwahi kuhama. Alipiga buti kwa kila umbo la kitenzi, na mwalimu wake akapiga mwiko, wakaenda pamoja, mmoja kwa tamaa na mwingine kwa kinyongo. Jirani yao Benedicte, muuza samaki wa kukausha, aliuliza kama wanajenga.

Jioni Huguette alipofunua pazia, alimkuta Pitshou ameuelekea ukuta, sikio zima amelizika kwenye mto.

"Ulimusikia leo? Alisema kila kitu. Nimepiga, nilikuwa napiga, nitapiga."

Pitshou aliukandamiza mto sikioni.

"Leo aliisema zaidi ya..."

"Nilisikia. Leka nilale."

Alikonda. Huguette aliona akasema ni joto. Hata maharage akaacha kuchambua. Mtu anayeng'ang'ania kumtibu mwenzake huiangalia dawa zaidi ya mgonjwa, na Huguette alikuwa akiiangalia dawa yake inavyotoka vizuri mdomoni mwa mlinzi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani, Sebit alikuja bila sare. Alivaa kanzu, alikuwa ametoka msikitini, na viatu aliviacha mlangoni. Alisimama mbele ya meza akapitia kitenzi chote kuanzia wakati uliopo hadi ujao, silabi kwa silabi, bila kosa. Hata r yake, ambayo mwanzoni ilikuwa l, sasa ilikwaruza kooni kama ya mtu wa Bukavu aliyesoma kwa masista.

Hapo ndipo Huguette alipoona alichokifanya. Mtu huyu atafaulu. Simu italia, mtu wa Ndjamena atasikia Kifaransa kilichonyooka, na Sebit atapanda ndege. Hakuwahi kumfundisha mwanafunzi yeyote vizuri kama huyu. Wale aliowapenda aliwaonea huruma, akawaachia makosa. Huyu hakumwachia hata moja, na chuki yake ikamfaidi kuliko upendo wa mwalimu yeyote. Naye Pitshou atabaki palepale kwenye godoro. Huguette aliinua mwiko, akataka kumtupia Sebit usoni.

"Sasa nikwambie maana yake," alisema. "Ukiwa kwenye ndege ukumbuke."

"Maana najua, madamu."

Mwiko ulibaki hewani.

"Zamani najua. Mimi nafanya mazoezi pale getini. J'ai frappé, j'ai frappé. Mama moja Mkongo, ile nauza vitenge, nakuja naniuliza: Afande, umepiga nani?" Sebit aliitazama meza. "Nikaona, ah. Hii mwalimu si wazimu. Kuna mtu yake."

"Na ukaendelea kuja?"

"Kifaransa ilikuwa nzuri," alisema, wala hakuwa anatania. "Na nikafikiri, pengine siku moja ataniambia ni nani. Kwa sababu mimi, madamu, nimepiga watu mingi. Sijui ni yupi."

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Lakini msemo huo humhesabia mtenda mtu mmoja aliyemsahau. Hausemi ufanyeje mtenda anapokuwa amewasahau wengi hadi hawezi hata kuwatenganisha.

Pazia likavutwa.

Pitshou alitoka pekupeku, amevaa kaptula, nywele zimelala upande mmoja. Alitembea akishika ukuta, maana lile sikio lilimharibia na mizani ya mwili. Akafika mbele ya Sebit akasimama, bega la kulia likimwelekea. Alikuwa mfupi kuliko Huguette alivyokuwa anamkumbuka.

Sebit alimtazama kwa muda. Huguette aliona uso wake unavyotafuta, unapita kwenye baraza lile, mtu baada ya mtu, mpaka ukamkuta.

"Mikanda," Sebit alisema taratibu. "Wewe ni ya mikanda."

Kisha akajinyoosha, na kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa katika chumba kile, akasema kwa nguvu, "Je l'ai frappé." Nimempiga. Huguette hakuwahi kumfundisha sentensi hiyo. Aliitunga mwenyewe, na pigo likatua mwishoni, safi.

"Unaambia nani?" Pitshou aliuliza. "Unaangalia dada yangu. Njo dada yangu ulipiga?"

Sebit akamgeukia. Alipofungua kinywa, Pitshou aliinua mkono.

"Hapo ulisimama, sisikii. Hiyo sikio ulikamata weye. Zunguka, kuya huku."

Mtu yule mrefu akainua kanzu yake kidogo, akaizunguka meza na benchi, akaja upande wa kushoto wa Pitshou. Chumba kilikuwa kidogo, ilimbidi apite kati ya Huguette na ukuta, na Huguette alisikia harufu ya udi kwenye nguo zake. Akasimama. Akakohoa kile kikohozi chake. "Je t'ai..."

"Apana." Pitshou alitikisa kichwa. "Haukunipigaka mu Kifaransa. Sema mu Kiswahili."

Ndipo ikaonekana jinsi mambo yalivyokuwa. Wiki zote zile mtu huyu alikiri kwa sauti ya gwaride, mpaka majirani wakasikia, na haikumgharimu kitu, kwa sababu maneno yalikuwa ya mtihani. Sasa alitakiwa kusema neno moja la lugha aliyozaliwa akiisikia, lugha aliyomfukuzia mtu huyu siku ya mvua, na jasho likamtoka chini ya kofia. Alimtazama mwalimu kana kwamba angemsaidia. Huguette alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili.

"Nilikupiga," Sebit alisema.

Alilisema chini sana. Neno lilipanda kidogo karibu na mwisho, likashuka, likaisha. Hakukuwa na buti. Huguette aliuona mkono wake mwenyewe umeinua mwiko, ukabaki juu, maana hapakuwa na mahali pa kupiga.

"Juu ya nini?" Pitshou aliuliza.

"Ulisimama kwa baraza."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ndiyo. Ilikuwa nanyesha."

"Batu bengine balisimama vilevile. Haukubapiga."

"Wao hawakuwa na mikanda."

"Njo hiyo tu?"

Sebit alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anatafuta kitu kingine, kitu kikubwa zaidi cha kuweka pale, na hakukipata. "Hiyo tu," alisema. Kisha, "Nisamehe, ndugu yangu."

"Hiyo sikukuuliza," Pitshou alisema. "Enda ku mtihani yako."

Sebit akaviokota viatu vyake mlangoni, akatoka navyo mkononi, akavivalia huko nje kwa Benedicte. Walimsikia Benedicte akimuuliza kama ujenzi umekwisha.

Huguette aliketi kwenye benchi la wanafunzi. Imefanyika! Ameyasema, kwa Kiswahili, mbele yake, kama alivyoahidi. Alitaka kucheka. Akamtazama Pitshou akingoja uso wake ufunguke.

Pitshou alinyoosha mkono akamnyang'anya mwiko.

"Na weye," alisema.

"Mimi nini?"

"Nilibakia na sikio moja, yaya. Moja. Weye ukaleta ile mutu hapa, ukamupa buti na meza, ukachukua na hii mwiko, ikakuwa TWA, TWA, TWA, kila Jumanne na kila Ijumaa. Miye niko nyuma ya kitambaa. Yeye alinipigaka mara moja." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuambia mufukuze. Hata hiyo haukusikia, na masikio yako yote mbili iko muzima."

"Nilifanya juu yako!"

"Uliniita panya."

"Pitshou..."

"Mbele yake. Siku ya kwanza. Panya."

Alikwenda jikoni, yaani pembeni kwenye jiko la mkaa, akautumbukiza mwiko kwenye sufuria ya bugali iliyokuwa imelowekwa, mahali pake. Akarudi nyuma ya pazia. Huguette alisikia anavaa, taratibu, anagongana na ukuta, anatukana, anavaa tena. Alipotoka alikuwa na suruali na viatu. Akaufikia msumari, akaishusha mikanda. Vumbi likaruka. Aliipangusa mmoja mmoja kwa lile pazia la kitenge, akaipanga mkononi kuanzia bega hadi kiganja kama zamani.

Ndilo jambo Huguette alilolitaka tangu mwanzo. Alilitaka hata usingizini. Sasa lilikuwa linatokea mbele ya macho yake, na lilikuwa linampa mgongo. Hakuona furaha yoyote usoni mwa Pitshou, wala woga. Aliona mtu anayehama.

"Unaenda wapi?" aliuliza.

Pitshou alikuwa mlangoni, ameshika mwimo, anaupima ua kwa macho kutoka kizingitini mpaka getini.

"Pitshou. Utarudia saa ngapi?"

Hakugeuka. Alishuka kizingiti, akampita Benedicte na samaki wake, mkono mmoja ukifuata ukuta wa ua. Ukuta ulipokwisha, akauachia. Alifika getini akasimama kidogo, halafu akavuka, na mkanda wa mwisho ukaonekana ukibembea kwenye pembe ya nyumba, ukapotea.

Huguette alibaki pale mlangoni, bado anangojea jibu. Ilimchukua muda kutambua alikokuwa amesimama alipomwita. Yeye aliyempeleka hospitali, aliyemlisha, aliyejua kuliko mtu yeyote duniani ni sikio lipi, alikuwa amesimama upande wake wa kulia.